Harusi ya mdogo wangu makumbushoni: uwanja alama 17 kwa 20, mpishi alama 6

Mdogo wangu na mumewe walijuana Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Kongo, kwenye foleni ya kutoa fotokopi za silabusi, yaani maandishi ya masomo. Yeye alikuwa wa fasihi, kijana wa politekiniki, yaani uhandisi, kwa hiyo silabusi yao haiwezi kuwa moja. Mpaka leo kuna mmoja hajatuambia alikuwa anatafuta nini pale.

Waliposema karamu itakuwa Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, si kwenye ukumbi kama watu wote, baba mkubwa aliuliza kama tunaoza mtoto au tunamzika. Kwake makumbusho ni vinyago na vyungu vya makaburini. Basi, kabla ya kukaa mezani wageni walizungushwa ndani kwa vikundi, na yeye ndiye aliyekwama kwenye misalaba ya shaba. Akaelezwa kwamba hiyo ndiyo ilikuwa pesa ya huku Katanga, kwamba wazee walitoa mahari kwa misalaba hiyo, na kwamba kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, watu walizikwa nayo. Alisimama pale akihesabu kwa vidole, halafu akamwambia baba wa bwana harusi kwamba dola zao zilikuwa chache. Walicheka wote wawili, ila mmoja alicheka kidogo zaidi.

Ndiyo maana zawadi ya mgeni ilikuwa msalaba mdogo wa shaba, mrefu kama kidole, uliogongwa na fundi wa mjini. Kadi ya mwaliko ilifanana na kadi ya mwanafunzi, na picha zao za mwaka wa kwanza, wamekonda kweli. Meza hazikuwa na namba: kulikuwa na Silabusi, Foleni, Kantini. Binamu waliowekwa Sesheni ya Pili, mtihani wa marudio wa walioshindwa, walinuna mpaka msemaji wa sherehe alipoanza kusoma matokeo kama siku ya deliberasyo, siku ya kutangaza matokeo chuoni: bibi harusi amefaulu kwa distinksyo, alama za juu, bwana harusi anarudia somo la kucheza. Walioketi Sesheni ya Pili wakasimama kumshangilia mwenzao.

Tulikula uani. Ilikuwa Septemba, jakaranda zimechanua, na mpambaji alitandaza maua yake mezani badala ya plastiki. Vumbi jekundu lilipanda gauni mpaka magotini. Anayetaka nyeupe asubiri mvua, halafu agombane na matope.

Sasa mpishi. Simtaji. Tulilipia sahani 150, tukawa watu 143, nilihesabu mwenyewe mlangoni, na bado bukari, yaani ugali, iliisha meza tatu kabla ya mwisho. Vinkubala, viwavi vya kuliwa, walionwa na meza ya wakwe tu. Nilipomfuata aliniambia, "Yaya (yaani mkubwa wangu), watu wa leo wanakula sana." Munkoyo, kinywaji cha mahindi, tulipika wenyewe nyumbani, na ndiyo peke yake iliyotosha. Jenereta ya kukodi nayo ilikuja na mafuta ya saa mbili. Keki ilikatwa kwa mwanga wa simu. Mkienda kule, nunueni mafuta yenu, na mlinzi wa sufuria awe mtu wa familia.

Mpambaji nampa 15. Mpishi, hata sesheni ya pili simpi.

Mimi nilikula saa saba usiku, jikoni kwangu, sombe (kisamvu) ya jana, bado nimevaa kitenge cha sherehe.