Mkanda wa jeli ya barafu baada ya kung'olewa magego ya mwisho: umenisaidia kweli

Jamani nimeng'olewa magego mawili ya mwisho ya chini kwa upasuaji, yalikuwa yamelala ndani ya fizi, na huu mkanda wa jeli unaozunguka kidevu na kufungwa utosini ndio umeniokoa. Una mifuko miwili ya jeli, unagandisha kwenye friza, unachomeka pande zote za taya, mikono inabaki huru. Weka kitambaa chembamba katikati, jeli isiguse ngozi moja kwa moja maana inaunguza kabisa. Mi nilikuwa naweka dakika 20 natoa dakika 20, siku mbili za mwanzo, usiku nalala kichwa kimeinuka kwa mito miwili.

Siku ya tatu uso ulikuwa umevimba zaidi nikashtuka, kumbe ndo kawaida, uvimbe hufika kileleni siku ya pili au ya tatu halafu unashuka. Kuanzia hapo barafu haina kazi sana, nikahamia kitambaa cha uvuguvugu kulegeza taya.

Kasoro yake jeli inaisha ubaridi haraka mno, na gundi ya mkanda ilianza kuachia siku ya nne, hapo wamezembea. Na mkanda hauchukui nafasi ya dawa, nilimeza ibuprofen na paracetamol kama daktari alivyonipangia, ganzi ikiwa bado haijaisha, hilo ni muhimu sana. Mrija wa kunywea usiuguse, unaweza kung'oa damu iliyoganda kwenye kishimo, na maumivu yake ni balaa.

Nyota 4 kati ya 5.