Uzoefu wangu na vikao vya bajeti ya kaunti: tunaulizwa tunataka nini, hatuambiwi pesa zilienda wapi

Nimekuwa nikihudhuria vikao vya umma vya bajeti tangu ugatuzi, yaani kupeleka mamlaka na fedha kwenye kaunti, ulipoanza hapa Kenya 2013, na nimeona niandike kama mtu anavyoandika kuhusu huduma yoyote aliyoilipia. Maana hii tunailipia kwelikweli: leseni za biashara, ushuru wa soko, ada za kuegesha magari, kodi ya ardhi, pamoja na mgao unaotoka Nairobi ambao nao ni kodi zetu. Kaunti yangu siitaji. Niko mjini, hapa Pwani, na jamaa zangu walio kaunti nyingine wananiambia kwao ni hivyo hivyo.

Nianze na haki ya huduma hii. Enzi za manispaa, mambo yaliamuliwa na madiwani na karani wa mji, sisi tukapata habari tingatinga likishafika. Katiba ya 2010 iligeuza hilo. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi yake wazi na kushirikisha umma, na cha 201 kinataka uwazi, uwajibikaji na ushiriki wa wananchi katika fedha za umma. Na kwa kweli mlangoni hakuna anayekuzuia. Nimewaona wavuvi na wachuuzi wakisimama na kumkabili waziri wa kaunti uso kwa uso. Jambo hilo nalithamini sana, ndiyo maana yanayofuata yananiuma.

Tangazo linatoka gazetini siku chache kabla, kwa Kiingereza. Tunaambiwa saa tatu asubuhi, maafisa wanaingia saa tano. Kitu cha kwanza kuzunguka ukumbini ni fomu: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Kitabu cha makadirio chenyewe ni kinene, nacho kipo kimoja tu, mezani kwa afisa. Sisi tunagawiwa karatasi mbili zenye majina ya idara na jumla ya fedha. Barabara, milioni kadhaa. Barabara ipi? Haimo. Nayo imeandikwa kwa Kiingereza, ilhali Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi.

Kikao cha mwisho nilichohudhuria, mama mmoja mtu mzima, muuza samaki, alipewa kipaza sauti. Akasema, "Mwanangu, ile mulika mwizi ya sokoni mliiweka, ikawaka, kisha ikazimika. Mwaka jana niliuliza hapa hapa, mkaandika. Leo sitaki taa mpya. Nataka kujua mliandika wapi." Kijana wa idara akajibu kwa adabu, "Mama, hoja yako tumeinakili," kisha akamwita anayefuata. Yule mama alibaki amesimama kitambo na kipaza sauti mkononi, akingoja jibu ambalo halikuja.

Hapo ndipo penye kasoro kubwa. Kila mwaka tunaombwa orodha mpya ya matakwa, na ile ya mwaka uliopita hakuna anayeifungua. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Kwenye makadirio asilimia hiyo huonekana vizuri. Lakini soma ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, ambazo hutolewa kila robo mwaka na kuonyesha kila kaunti ilitumia kiasi gani kwa mishahara, kwa safari za ndani na za nje, na kwa miradi. Kwetu, pesa za miradi ndizo zinazochelewa kila mara. Za safari hazichelewi. Tuna zahanati iliyosimama bila paa kwa sababu mwanakandarasi hajalipwa, na wajawazito wa mtaa huo bado wanapanda tuktuk usiku kwenda hospitali ya mbali.

Kilichonisaidia ni maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi lako. Niliandika barua kuomba orodha ya miradi ya wadi yetu pamoja na kiasi cha kila mradi. Jibu lilichelewa, lakini lilikuja. Kikao kilichofuata, vijana wa mtaa walisimama na karatasi hiyo wakauliza kuhusu mtaro wa maji ya mvua, kwa jina lake na kiasi chake. Safari hii afisa hakuweza kusema amenakili. Ilibidi afungue kitabu, atafute ukurasa, kisha akakiri kwamba fedha za mtaro zilihamishwa kwenye bajeti ya ziada, ile inayopitishwa katikati ya mwaka kurekebisha ya kwanza. Ukumbi mzima ulinyamaza. Hema, viti na maji ya chupa vyote ni vya vikao vya bajeti ya kwanza. Ile ya ziada, inayohamisha tulichokubaliana, hatukuwahi kuitiwa kikao.

Kwa anayetaka kwenda, nasema aende, ila aangalie kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa ufike bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mikakati ya fedha Februari 28, makadirio Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Anayeanza kuomba barabara mwezi wa Mei amekuta viwango vya kila idara vimeshapangwa. Peleka waraka nakala mbili kwa karani wa bunge la kaunti, moja igongwe muhuri urudi nayo nyumbani.

Kati ya nyota tano naipa huduma hii mbili, na zote mbili ni za Katiba. Waraka wangu wa mwaka huu unaomba mambo mawili tu: ajenda ya kwanza ya kila kikao iwe orodha ya mwaka uliopita, kwa Kiswahili, ikionyesha kilichofanyika, kisichofanyika na pesa zake zilikokwenda, na bajeti ya ziada isipitishwe kabla ya kuletwa kwenye wadi.