Genge la maadui: ununue kitabu kipi kwanza?

Kama pesa yako inatosha kitabu kimoja tu cha katuni kuhusu genge la maadui wa mashujaa, usivutwe na wingi wa sura kwenye jalada. Uliza jambo moja: watu hawa wanaodanganyana kutwa wanashikamana kwa sababu gani? Kwa kipimo hicho nimevipanga hivi.

Namba moja ni Suicide Squad ya John Ostrander, ya kampuni ya DC, iliyoanza 1987 kwa michoro ya Luke McDonnell. Kinachowafunga pamoja hapa ni kifungo chenyewe. Amanda Waller, mama wa serikalini asiyetikiswa hata na Batman, anawatoa wahalifu katika gereza la Belle Reve, Louisiana, na kuwatuma kwenye kazi ambazo serikali itazikana. Ukirudi hai, hukumu yako inapungua. Sisi tumekua tukijua kwamba steringi hafi. Humu hakuna steringi, na watu wanakufa kweli. Deadshot, mlenga shabaha asiyekosa, hajali kama ataiona kesho. Captain Boomerang anaweza kumwacha mwenzake afe ili apone yeye. Kila ukigeuza ukurasa unamhofia mtu ambaye hukupaswa hata kumpenda. Anza na juzuu ya Trial by Fire, yenye matoleo 1 hadi 8. Jina la Suicide Squad limetumiwa na waandishi wengi, hasa baada ya filamu ya 2016, kwa hiyo hakikisha jalada limeandikwa Ostrander kabla hujalipa.

Namba mbili: Avengers: Under Siege, ya kampuni ya Marvel, 1986 hadi 1987. Roger Stern aliandika, John Buscema akachora. Baron Zemo, adui wa Captain America, anakusanya genge la Masters of Evil na kuliteka jumba la kikosi cha mashujaa, Avengers, mjini New York. Hercules, mmoja wa mashujaa hao, anapigwa hadi anapoteza fahamu, na Jarvis, mtumishi wa nyumba, anateswa mbele ya Captain America. Lakini kilichonikaa moyoni ni picha ya mama yake Captain, iliyochanwa. Genge hili linashikwa na chuki ya kiongozi mmoja, na Stern anaonyesha jinsi chuki hiyo inavyoshindwa kuwabana wengine, kila mmoja akiwa na lake.

The Superior Foes of Spider-Man ya Nick Spencer na Steve Lieber (2013 hadi 2014, matoleo 17) ni ya tatu. Wanajiita Sinister Six (Waovu Sita) ilhali wako watano, na Boomerang (si yule Captain Boomerang wa DC) anawauza wenzake karibu kila sura. Mfululizo huu ni mfupi, umekamilika, haudai ujue historia yoyote. Kwa msomaji mgeni kabisa, huu ndio ningempa mkononi.

Thunderbolts ya Kurt Busiek na Mark Bagley (1997) inashika nafasi ya nne. Hao ni Masters of Evil wa Zemo, sasa wamejivika ushujaa wa uongo. Siri hiyo haifichiki tena, ila uzuri umebaki: baadhi yao, kama Songbird, wanaanza kuupenda ule wema wa kuigiza.

Court of Owls, ya Scott Snyder na Greg Capullo katika Batman ya 2011, nimeiweka ya tano kwa sababu ya mkoba. Matajiri wa Gotham, mji wa Batman, waliojificha nyuma ya vinyago vya bundi wanatisha sana, lakini juzuu ya kwanza inaishia toleo la 7 na kisa hakijaisha. Weka bajeti ya mbili.

Hydra, genge la siri la Marvel, ni jina kubwa tangu 1965, ila askari wake wengi ni sare za kijani zisizo na majina. Usianzie hapo.

Ukiagiza kutoka nje, chukua jalada laini: juzuu nene za jalada gumu ni nzito, na usafirishaji hulipiwa kwa uzito. Ukisomea kidijitali, tafuta kishikwambi, maana michoro ya kurasa mbili mbili inabanwa mno kwenye simu.