Uzoefu wangu: Namib na Okavango kwa ndege ndogo, kwa mfuko wa mtu wa Tanga

Nianze na bei, maana hapa Ngamiani ndilo swali linalotangulia hata salamu. Safari ya kifahari ya ndege ndogo kule kusini mwa Afrika, kwenye jangwa la Namib nchini Namibia na delta ya mto Okavango nchini Botswana, si ya kubahatisha. Okavango msimu wa juu, kambi za daraja hili huvuka dola 1,000 kwa mtu kwa usiku mmoja, na zile zenye jina kubwa hupita hapo mara mbili. Yaani zaidi ya milioni mbili za kwetu, ulale uamke. Namibia inapungua kidogo, ila si kwa kiasi cha kukufurahisha. Sisi tuliweza kwa kiinua mgongo cha mzee wangu na mchango wa watoto, na kwa jambo moja ambalo wakala wetu hakulisema: baadhi ya kambi zina bei maalumu ya wakazi wa nchi za SADC, ile jumuiya ya maendeleo ya kusini mwa Afrika, na Tanzania imo. Karatasi ya kwanza tuliyoletewa ilikuwa na bei ya mtu wa kutoka Ulaya. Nikamuuliza, "Mwanangu, pasipoti zetu umeziona ni za wapi?" Bei ikashuka. Haikushuka kila kambi, lakini ilishuka vya kutosha kufidia nauli za Johannesburg. Kwa hiyo Mtanzania mwenzangu, hilo uliulize kabla ya jingine lolote.

Hukumu yangu nawapa mapema, mwenye haraka aende zake. Jangwa nimelikubali, nikiitwa kesho nafunga begi. Sehemu ya wanyama, kwa sisi wa huku, ni hela nyingi kwa kitu tulichonacho mlangoni. Maji ya Okavango ni habari nyingine, nitayafikia.

Anasa yenyewe ilianzia stendi ya Kange, kwenye basi la alfajiri. Segera, Chalinze, Dar, kama siku zote. Tukaruka hadi Johannesburg, kisha Windhoek, na viza hatukuombwa popote, ni muhuri tu na karibuni. Windhoek ina viwanja viwili: Hosea Kutako, ule mkubwa, uko mbali nje ya mji, na Eros, mdogo, uko mjini kabisa. Ndege ndogo huondokea Eros, na hapo ndipo utakapojulikana kama ulisoma masharti. Mzigo uwe begi laini, lisilo na magurudumu wala fremu, kwa sababu linasokomezwa kwenye tumbo la ndege kupitia kimlango kidogo. Uzito unaoruhusiwa ni kilo 15 hadi 20 kutegemea kampuni, na mkoba wa mkononi unahesabiwa humo humo. Mbele yetu kulikuwa na familia yenye sanduku gumu la kung'aa. Likabaki ofisini, wakapewa mifuko ya turubai.

Kisha tukapimwa na sisi. Ndiyo, abiria anapanda mizani, mbele za watu. Mzee wangu alisomewa kilo zake kwa sauti, akanigeukia: "Mama, huu sasa mnada." Rubani hakuwa na utani. Cessna 210 ina viti sita pamoja na chake, na kila kilo lazima ijulikane ni ngapi na itakaa wapi. Mzee akawekwa mbele kwa sababu ya kitambi chake, akapata siti bora kuliko sote, na mpaka leo anajisifu.

Ambalo matangazo hayalisemi: ndege hizi hazina choo, na ikikaribia saa sita mchana hewa ya moto inapanda kutoka ardhini na kuirusharusha ndege kama ngalawa iliyokutana na kusi. Ombeni kuruka asubuhi. Siku tuliyopangiwa mchana nilitapika mfuko mzima. Lakini asubuhi, jamani, kila senti inarudi. Unatoka Windhoek juu ya milima mikavu ya kahawia, halafu nyanda za juu zinakatika ghafla, na huko chini mchanga unaanza na hauna mwisho. Saa nzima hatukuona paa la nyumba. Mimi nimezoea kuona mkonge ukiisha, shamba linaanza, shamba likiisha, kijiji. Huko hakuna cha kufuatia.

Kabla ya kutua, rubani alipita chini chini juu ya kiwanja cha changarawe, akazunguka, ndipo akarudi kutua. Nilidhani kakosea. Kumbe alikuwa anawafukuza choroa waliosimama katikati ya njia. Choroa wa kule ni mkubwa kuliko wetu wa Mkomazi, uso mweusi na mweupe, pembe zimenyooka kama rula, na yumo kwenye nembo ya taifa la Namibia. Muongozaji wetu, kijana aliyeniita "Meme" kwa heshima tangu dakika ya kwanza, alitueleza kwamba puani mwa mnyama yule mna mishipa midogo midogo inayopoza damu kabla haijafika kwenye ubongo, ndiyo maana anasimama juani pale ambapo wengine wangeanguka.

Sossusvlei ndiyo sehemu wanayoipigia picha wote, na inastahili. Mchanga wa Namib uliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2013. Matuta ni mekundu kwa sababu ya chuma kilicho ndani ya mchanga kushika kutu, na kadiri unavyokwenda bara ndivyo wekundu unavyozidi. Tuta wanaloliita Big Daddy linapita mita 300. Unapanda kwenye makali ya mgongo wake, hatua mbili unakwenda, moja unarudishwa, na viatu vinajaa. Nilivua vyangu. Upande uliopigwa na jua mchanga ulikuwa vuguvugu, mguu ukigeukia upande wa kivuli unakuta baridi ya kisima. Mzee alikaa chini na thamosi ya chai, akasema ataniona vizuri zaidi akiwa pale.

Ukishuka upande wa pili unaingia Deadvlei, sakafu nyeupe ya udongo mgumu uliopasuka vipande vipande, na juu yake miti ya migunga iliyokufa karne nyingi zilizopita. Mto Tsauchab ulikuwa unafika pale, matuta yakauziba, miti ikafa kwa kiu. Haikuoza, kwa sababu kuoza nako kunataka maji. Imesimama tu, myeusi kwa kuchomwa na jua. Kuigusa hairuhusiwi, na muongozaji alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote. Nilimpenda kwa ukali ule.

Baridi mjiandae. Tulikwenda Julai, na usiku jangwani ulikuwa karibu na kuganda. Kambi inaweka chupa ya maji ya moto kitandani, mablanketi mazito, na bado nililala na kilemba. Mtu wa Tanga asidanganywe na neno jangwa.

Sasa pwani, na hapa ndipo lilipo lalamiko langu. Ratiba tuliyolipia ilisema tutaruka kutoka Sossusvlei hadi baharini, tupite juu ya Skeleton Coast, pwani yao iliyo tupu, kwenda kaskazini, kisha turudi kulala Swakopmund, mji wa pwani. Asubuhi hiyo ukungu ulifunika pwani yote, tukakaa kiwanjani chini ya kibanda cha makuti mpaka karibu na adhuhuri. Sina ugomvi na ukungu. Bahari ile ina mkondo wa baridi wa Benguela, hewa ya juu ya maji inapoa, inakuwa ukungu, mvua hainyeshi. Pwani yao hupata milimita chache tu za mvua kwa mwaka, wakati sisi Tanga tunapita 1,000. Ukungu ulipoinuka tuliruka, tukaiona meli ya Eduard Bohlen iliyokwama mwaka 1909. Mie mtoto wa pwani nimeona mabaki ya vyombo vingi, ila sijawahi kuona meli iliyolala mita mia kadhaa kutoka kwenye maji. Haikusogezwa; mchanga ndio ulioisukuma bahari nyuma. Baada ya hapo rubani akasema muda umekwisha, tukatua Swakopmund. Kaskazini hatukwenda, na fedha yake ilikwisha kulipwa. Hilo nitalirudia chini.

Kesho yake ukungu ulikuwepo tena, safari hii kwa faida yetu. Kwenye matuta nje ya mji muongozaji alitupigisha magoti: mende mweusi, mdogo kuliko ukucha wa dole gumba, amesimama kwenye ukingo wa tuta kichwa chini, mgongo juu. Ukungu unashika mgongoni, unakuwa matone, matone yanateremka mpaka mdomoni. Tulimwangalia akinywa. Kwa mimi hiyo ndiyo iliyokuwa anasa ya safari nzima, na haikuwa na shuka za pamba.

Swakopmund yenyewe ilimshangaza mzee. Majengo ya Wajerumani yamepangana, kuta nene, mapaa ya mwinuko, akawa ananionyesha: hili kama Boma letu, lile kama hospitali ya zamani ya Bombo. Ratiba ilituonyesha majengo tu. Sisi tukamwomba dereva atupeleke makaburini, nje kidogo ya makaburi ya Wazungu, ambako kuna vilima vya mchanga visivyo na majina. Ndimo walimozikwa Waherero, wenyeji wa nchi ile, waliokufa wakati wa mauaji ya Wajerumani ya 1904 hadi 1908. Ujerumani iliyatamka kuwa mauaji ya kimbari mwaka 2021. Wakati huo huo kwetu kusini vilikuwa vinapiganwa vita vya Maji Maji. Kampuni inayouza safari kwa bei hii ingeweza kuliweka hilo kwenye ratiba, watu waamue wenyewe kwenda au kutokwenda.

Botswana sasa. Tuliingia mji wa Maun, tukabadilishiwa ndege, na dakika chache baadaye jangwa likageuka maji. Okavango huleta mvua iliyonyesha nyanda za juu za Angola, inachukua miezi kufika, ndiyo maana mafuriko yanajaa wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti. Mto hauendi bahari yoyote; unaenea, unanywewa na mimea na jua. UNESCO waliuorodhesha 2014, ukawa urithi wa 1,000. Ndani yake unatembezwa kwa mokoro, mtumbwi mwembamba unaosukumwa kwa upondo. Zamani ulichongwa kwenye gogo, siku hizi wengi wanatumia faiba ili miti ibaki. Mpiga upondo wetu alisimama nyuma wima, hana haraka, anaukwepa upande wa viboko bila kusema. Mzee wangu, ambaye amekulia Mwambani, pwani ya hapa Tanga, alimtazama mikono muda wote na mwisho akamwambia kwa Kiingereza chake, "Wewe fundi." Nalisema wazi: kwa maji yale, nendeni.

Lakini matembezi ya gari kutafuta simba na tembo hayakunisisimua. Tembo wamejaa, kweli, Botswana inaongoza duniani. Simba tuliwaona, na magari mengine matatu yaliwaona nasi. Tanzania ndiyo yenye simba wengi Afrika. Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu 2008, iko mkoani kwetu nusu yake, ina faru na mbwa mwitu waliozalishwa humo. Saadani ni kuvuka Pangani tu, na hapo pori linaingia baharini. Raia analipa kiingilio kwa shilingi. Kama ningepanga upya, Okavango ningebaki kwenye kambi ya majini peke yake, na siku zilizobaki ningezirudisha Namib.

Huduma kwa ujumla ni ya juu, wafanyakazi wana adabu ya kweli. Chakula ndicho kilichotuyumbisha. Kwenye fomu niliandika halali, kwa herufi kubwa, na kambi ya kwanza bado ikatukaribisha kwa nyama ya choroa bila mtu kujua kachinjwa vipi. Tukala mayai na samaki. Kambi zilizofuata zilikuwa zimekwisha ambiwa. Pigeni simu wenyewe, fomu msiiamini. Kibla niliulizia kila tulipotua, maana hapa Tanga tunaelekea kaskazini moja kwa moja, na kule ni kaskazini ukikunja kidogo mashariki. Rubani mmoja alinitolea dira yake mfukoni na kusubiri mpaka nimalize.

Na wageni wenzetu, mh. Bibi mmoja alinikuta napita na kanga karibu na meza ya kahawa, akaniagiza chai. Nikampelekea. Halafu nikavuta kiti, nikaketi naye, nikamuuliza ametokea wapi. Alikuwa mwekundu mpaka shingoni, lakini tuliishia kuzungumza vizuri, na jioni yeye ndiye aliyenipelekea mimi.

Kuhusu ile ruka ya kaskazini: wakala anasema hali ya hewa haina mdhamini. Mimi sidai hali ya hewa, nadai mafuta na saa za ndege ambazo hazikutumika, na mkataba wao wenyewe una kifungu kinachosema sehemu isiyorushwa itarudishiwa au kubadilishwa na huduma nyingine. Nimewatumia nakala ya ukurasa huo ukiwa umepigiwa mstari. Wamejibu kwamba wanalishughulikia, na watakaponilipa, au wakikataa, nitaongeza hapa hapa.