The Mavericks, Music for All Occasions: kama umelelewa na Jim Reeves hii albamu ni yako

Desemba iliyopita tuko Kibosho, mama anamenya ndizi mshare za machalari, mikono imeshika utomvu, mi nimechomeka flash kwenye sabufa pale barazani. Ikaja Here Comes the Rain. Ile sauti ilivopanda mama akasimamisha kisu, ndizi nusu imemenywa nusu ina ganda, akatulia hivohivo mpaka wimbo ukaisha ndo akauliza "Ni Jimu Rivisi huyo?", yaani Jim Reeves, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani. Nikamwambia hapana mama, anaitwa Raul Malo. Akasema "Kaimba kama mtu aliyefiwa. Hebu rudisha." Nilirudisha mara 3 siku ile.

Sasa wadau, albamu yenyewe ni ya 1995, nyimbo 11, na hiyo aliyoipenda mama ndo iliwapa Grammy mwaka uliofuata. The Mavericks ni bendi ya kantri lakini ilianzia Miami, na Malo, mwimbaji wao, wazazi wake ni Wakuba, na kwa maoni yangu utamu wote umeanzia hapo. Manake sisi wa huku kantri tumekua nayo, Krismasi uchagani bila Jim Reeves haijanoga, na wakati huohuo wazee wetu wamecheza dansi ambalo lilikunywa sana kwenye santuri za Kuba zilizokuja Kongo na Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930. Kwahiyo ukimsikia Malo unasikia watu wawili unaowajua tayari. Anavuta neno, anaachia ngoma itangulie kidogo, halafu analiwahi mwishoni bila haraka, na hapo utajua bolero, zile nyimbo za mapenzi za taratibu za Kuba, imelala kifuani mwake hata akiwa amevaa kofia ya kantri. Wengi wanamfananisha na Roy Orbison, mwimbaji wa zamani wa Marekani, na kweli ukisikiliza Missing You utawaelewa, inaanza chini kabisa kama mtu anaongea peke yake.

Ila mi roho yangu iko kwenye All You Ever Do Is Bring Me Down. Humo kodiani kapiga Flaco Jiménez, bingwa wa San Antonio kule Texas, kwenye ule muziki wa Wamarekani wenye asili ya Meksiko ambao kodiani na polka waliokota kwa walowezi wa Kijerumani wakazifanya zao. Sisi kodiani tumeizoea kwenye taarabu, inalia taratibu pamoja na fidla, lakini hapa inacheka jamani, mwimbaji analalamika kwamba mwenzie kazi yake ni kumuumiza tu na kodiani iko pembeni inacheka mwanzo mwisho, na ndo maana wimbo wa kuachwa unakuta unaucheza! Kwao Marekani ulifika namba 13 tu kwenye chati ya kantri, na hakuna wimbo wao uliopanda zaidi ya hapo, kitu ambacho mpaka leo kinaniuma.

Wimbo wa mwisho ni zilipendwa kabisa, Something Stupid, ule wa Frank Sinatra na binti yake Nancy wa 1967. Ukweli ni kwamba baba na mtoto kuimbiana maneno yale haijawahi kunikaa vizuri. Hapa Malo anaimba na Trisha Yearwood, ambaye kipindi kile alikuwa mke wa mpiga besi wao Robert Reynolds, wanaenda sambamba hakuna anayemfunika mwenzie, polepole kama watu wanacheza sebuleni wageni wameshaondoka.

Kasoro zipo. Pale katikati kuna nyimbo mbili tatu mwendo unafanana, The Writing on the Wall mi huwa inanipita nisijue imeisha saa ngapi, na karibu albamu nzima ni mapenzi yaliyovunjika, zile habari za shamba na mama na safari ya mbali ambazo ndo zilitufanya tuipende kantri humu hutazipata. Ni kasoro ndogo lakini mtu aliyelelewa na nyimbo za kantri za Don Williams ataiona.

Na angalieni mnapoipata. Mi mara ya kwanza niliwekewa kwenye flash na kijana mmoja pale Moshi mjini, nikafika nyumbani nakuta nyimbo 3 zimekatwa katikati na moja sio yao kabisa, ikabidi ninunue bando nizitafute upya moja moja. Halafu msisikilize kwa spika ya simu, besi inapotea yote na bila besi hii albamu imekuwa nusu, tafuta sabufa au hedfoni nzuri, jioni, kazi zimeisha.

Mama ameshaniagiza Desemba hii nije nayo tena, na huyo wa kodiani awekwe wa kwanza.