Seti ya joto ya nyoka mgeni: mkeka unafaa, jiwe litupwe, themostati inunuliwe kwanza

Seti za kuanzia ufugaji wa nyoka zinafanana karibu zote: kizimba cha kioo, mkeka wa joto, kipimajoto cha mshale cha kubandika ukutani, balbu nyekundu, na mara nyingine jiwe la umeme, yaani jiwe bandia linalojipasha moto. Themostati, kifaa kinachodhibiti joto lisizidi kiwango ulichoweka, haimo. Muuzaji huiweka kwenye rafu ya vifaa vya ziada, kana kwamba ni pambo. Hapo ndipo seti hizi zinapoanguka, kwa sababu kila chombo cha joto kilichomo ndani yake, kikiachwa bila kudhibitiwa, kinaweza kumuunguza mnyama.

Nyoka hatengenezi joto la mwili wake. Hulifuata lilipo na kulikimbia linapozidi, kwa hiyo kizimba lazima kiwe na upande wa moto na upande wa baridi. Kwa chatu mfalme, Python regius, upande wa moto uwe 31–33°C na wa baridi 24–27°C, na usiku pasishuke sana chini ya 24. Nyoka wa mahindi, Pantherophis guttatus, anatosheka na 28–32°C upande mmoja na 22–26°C upande wa pili, na huvumilia usiku wa nyuzi 20 hivi. Weka maficho mawili, moja kila upande, yenye ukubwa sawa na yenye kumbana kidogo. Ukiweka moja tu, nyoka mgeni mwenye hofu atabaki humo hata kama joto halimfai: kwake usalama hutangulia.

Mkeka ndio kipande bora cha seti, mradi ujue mipaka yake. Hutumia umeme kidogo, wati 7 hadi 30 kulingana na ukubwa, na unapaswa kubandikwa chini ya kizimba, kwa nje, ukifunika theluthi moja ya sakafu, upande mmoja. Hupasha sakafu na kile kinachoigusa. Hewa ya kizimba hupata kidogo sana. Chumba kikiwa cha baridi, mkeka utaonyesha nyuzi 32 sakafuni huku nyoka akivuta hewa ya nyuzi 19, na hilo halitoshi.

Makosa ya kuufunga ni yaleyale kila mara. Kizimba kikikaa moja kwa moja juu ya meza, joto halina pa kutokea. Kinyanyue kwa vipande vya mpira vya nusu sentimita ili hewa ipite chini. Tandiko la sakafuni likiwa nene mno, juu patapoa wakati kioo cha chini kinachemka, na nyoka anayependa kuchimba atashuka hadi kwenye kioo hicho. Sentimita 2 hadi 3 zinatosha upande wa mkeka. Bakuli zito la maji au jiwe pana likikaa juu yake hufungia joto mahali pamoja. Usiukunje wala kuubandua ukishabandikwa, maana nyuzi za ndani hukatika au hugusana. Bila themostati, kioo kilicho juu ya mkeka kinaweza kuvuka 45°C, na huenda nyoka asitoke. Anaweza kujilaza palepale tumbo likiungua, labda kwa kuwa mwili wake hautambui haraka hatari ya joto linalotoka chini. Porini joto kali kwa kawaida hutoka juu, kwenye jua.

Themostati basi. Kuna aina tatu zinazofaa kujulikana. Ya kuwasha na kuzima ni rahisi na inautosha mkeka. Ya mapigo hukata umeme vipande vidogo vidogo na inafaa mkeka na kipasha joto cha seramiki. Ya kufifisha ni ya balbu: hupunguza mwanga taratibu badala ya kuizima na kuiwasha, jambo ambalo humsumbua nyoka na kuiua balbu mapema. Soma kwenye lebo wati inazoweza kubeba, kisha ubaki chini ya kiwango hicho.

Ubora wake wote unategemea mahali kilipowekwa kihisi, yaani ncha ya waya wake inayopima joto. Kwa mkeka, kibane kati ya mkeka na kioo, kwa nje, katikati ya sehemu yenye joto. Hapo kinapima mkeka wenyewe, kwa hiyo kiwango utakachoweka kitazidi kidogo kile unachotaka sakafuni. Kioo hupoteza nyuzi kadhaa. Ukikiweka ndani, nyoka atakisukuma hadi upande wa baridi, themostati itadhani kizimba kimepoa, na mkeka utawaka bila kupumzika. Kihisi kilichotumbukia kwenye bakuli la maji huleta balaa hilohilo. Na usikibandike ndani kwa utepe wa gundi, hata ule unaoitwa salama. Nyoka akinasa hapo, kumtoa ni kumchuna ngozi.

Bado themostati yenyewe hufa. Mbaya zaidi ni pale swichi ya ndani inapoganda ikiwa imewaka. Baadhi ya za kidijitali husahau kiwango ulichoweka umeme ukikatika, kwa hiyo kila umeme unaporudi, angalia. Weka kipimajoto cha pili kinachojitegemea upande wa moto, kisha uamini hicho.

Kipimajoto cha mshale kilichomo kwenye seti hakistahili nafasi ukutani. Kinapima joto la kioo kilipobandikwa, tena kwa makosa ya nyuzi kadhaa. Nunua cha kidijitali chenye waya, viwili, kimoja kila upande, na ukiweza ongeza bunduki ya kupimia joto kwa mionzi. Hiyo ndiyo inayoonyesha ukweli: sogeza tandiko, elekeza sakafuni, soma. Fanya hivyo kwa saa 48 kabla nyoka hajaletwa, usiku na mchana.

Balbu nyekundu huuzwa kwa madai kwamba nyoka haioni. Anaiona. Usiku hautakuwa usiku kwake, naye huenda akajificha zaidi na kula kidogo. Chumba kikihitaji joto la juu usiku, tumia kipasha joto cha seramiki, ambacho hakitoi mwanga. Kinapatikana kwa wati 60, 100 na 150, na lazima kifungwe kwenye holda ya kauri, kwa sababu ya plastiki huyeyuka. Uso wake hupita nyuzi 200, hivyo kizungushie kizuizi cha waya chenye matundu madogo; nyoka hupanda na kujiviringisha kwenye chochote chenye joto. Kasoro yake ni kukausha hewa. Kwa mchana, balbu ya halojeni ni bora kuliko vyote hivi: miale yake hupenya mwilini zaidi, na huacha doa la joto linalofanana na la jua. Nayo iwekewe kizuizi ikiwa ndani ya kizimba, na izimwe usiku.

Jiwe la umeme halihitaji maneno mengi. Lina sehemu zinazochemka na sehemu zilizopoa, na aina nyingi hazina njia ya kudhibitiwa. Litupwe.

Joto baya hujionyesha kwenye afya kwa njia ambazo mfugaji mpya huzidhania kitu kingine. Magamba ya tumbo yaliyogeuka mekundu, kahawia au yenye malengelenge mara nyingi ni ya kuungua, ingawa wengi huyaita madoa ya kujivua gamba. Zima chanzo, osha kwa maji safi ya baridi ya kawaida, badilisha tandiko kwa karatasi nyeupe, na umpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia. Vidonda hivi huoza chini ya gamba kabla juu hapajaonyesha.

Kutapika mlo siku chache baada ya kula mara nyingi ni baridi: tumbo halikupata joto la kusaga nyama, ikaoza humo. Sababu nyingine ni windo kubwa kupita unene wa nyoka mwenyewe, au kushikwashikwa ndani ya saa 48 baada ya mlo. Rekebisha joto, subiri siku 10 hadi 14, kisha mpe mlo wa nusu ya ukubwa wa kawaida. Usiharakishe, maana umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, huenda umeungua kwa asidi. Akitapika tena, peleka kinyesi kikapimwe.

La kuogopwa zaidi ni maambukizi ya mapafu, ambayo hupenda baridi iliyochanganyika na unyevu usio na hewa. Nyoka hana kiwambo cha kumsaidia kukohoa, kwa hiyo makamasi yakishuka hubaki. Dalili ni mkoromo, mapovu mdomoni, kupumua mdomo wazi, na kukaa kichwa kikiwa juu. Mluzi mdogo siku chache kabla ya kujivua gamba huwa wa kawaida ukiisha baada ya gamba kutoka. Usipoisha, au ukiona mapovu, usingoje. Kupandisha joto humsaidia, lakini hakuchukui nafasi ya dawa.

Hewa ikikauka, gamba hutoka vipandevipande. Chatu mfalme anahitaji unyevu wa asilimia 60 hadi 80, nyoka wa mahindi 40 hadi 60. Sanduku dogo lenye kuvumwani (mimea midogo laini ya penye unyevu) yenye majimaji, upande wa moto, hutatua mengi. Kifuniko cha jicho, yaani gamba la zamani linaloliziba jicho, kikibaki, usikichokonoe kwa kucha wala koleo.

Nyoka anayeshinda ndani ya bakuli la maji huenda ana joto kupita kiasi, au ana utitiri. Tazama maji: vidoa vyeusi vilivyozama ni utitiri. Ndiyo maana mgeni hukaa peke yake siku 60 hadi 90, juu ya karatasi nyeupe, akihudumiwa mwisho baada ya nyoka wengine. Juma la kwanza asishikwe wala kulishwa. Na mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kugusa kizimba, kwani hata nyoka mwenye afya anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu. Mtoto wa chini ya miaka mitano asiguse.

Siku ya kwenda kwa daktari, mtie kwenye mfuko wa kitambaa ndani ya boksi lenye matundu. Chupa ya maji moto, iliyofungwa taulo, ikae ndani ya boksi lakini nje ya mfuko, upande mmoja tu. Chukua na orodha ya vipimo vya joto vya siku tatu, usiku na mchana; ataiuliza kabla hajamfungua nyoka.