Kukodi karavani kwa mtu binafsi: uzoefu wangu

Karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, ukiikodi kwa mtu binafsi huwa na vitu ambavyo kampuni haiweki: visu vinavyokata, godoro ambalo mwenyewe hulilalia. Ubaya wake ni kwamba mwenyewe ameshazoea kasoro zake. Mlango usiofunga mpaka uinuliwe kidogo, yeye hauoni tena kuwa mbovu, kwa hiyo hatakuambia. Ndiyo maana saa nzima ya kukabidhiana naihesabu kuwa sehemu ya kodi, na anayeniharakisha sikodi kwake.

Naanza na uzito. Tangazo kwa kawaida hutaja uzito wa karavani tupu, kabla ya gesi, maji na mizigo. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi tangi la lita 100 likijaa umeongeza kilo 100. Soma kibati kilichobandikwa kwenye karavani, uone uzito wa juu unaoruhusiwa, ulinganishe na uwezo wa gari lako. Kisha uliza uzito unaoegemea gari pale mbele, kwenye ulimi, yaani mkono wa chuma unaounganisha karavani na gari. Kwa karavani za Kimarekani hulengwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Za Ulaya huwa chini ya hapo. Ulimi ukiwa mwepesi mno, karavani huanza kuyumba mkia ukiongeza mwendo. Mizigo mizito ikae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, kamwe si nyuma kabisa.

Kichwa cha kuvutia, ile tufe ya chuma nyuma ya gari ambayo kikombe cha ulimi hukaa juu yake, nacho kina vipimo. Ulaya ni milimita 50, Marekani kuna cha inchi 1⅞, cha 2 na cha 2 5⁄16. Kikombe kikubwa juu ya kichwa kidogo huonekana kimefunga vizuri, kisha huchomoka kwenye tuta. Jaribio langu: nikishafunga, nauinua ulimi kwa jeki mpaka nyuma ya gari ipande kidogo. Visipoachana, vimeshikana. Minyororo ya usalama ipite kimkato chini ya ulimi ili iudake ukianguka. Waya wa breki ya dharura, unaofunga breki za karavani ikichomoka, ufungwe kwenye gari, usizungushwe tu kwenye kichwa kile kile ambacho ndicho kinaweza kuachia.

Tairi ndipo nilipompunguzia mwenyewe nyota katika tathmini yangu. Meno yalikuwa mazuri, lakini karavani hukaa miezi imesimama na tairi zake huzeeka kabla ya kulika. Tafuta tarakimu nne ubavuni: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Zikipita miaka sita mimi naomba zibadilishwe, hata zikiwa zinang'aa. Upepo upimwe tairi zikiwa baridi. Kama gurudumu lilifunguliwa karibuni, kaza nati tena baada ya kilomita 80 hivi.

Ndani, bonyeza kuta kwa kidole gumba chini ya madirisha na kwenye pembe za dari. Pakibonyea kama kadibodi, maji yanaingia. Rekodi video mwenyewe akiwepo, maana uvujaji wa mwaka juzi unaweza kukatwa kwenye amana yako.

Hita ya maji ya umeme isiwashwe ikiwa tupu, waya wake huungua mara moja. Fungua bomba la maji ya moto, subiri maji yatoke mfululizo bila kutema hewa, ndipo uwashe. Kusawazisha kushoto na kulia hufanywa kwa mbao chini ya gurudumu kabla ya kuachanisha na gari. Mbele na nyuma ni kwa jeki baadaye, kabari zikiwa tayari zimebana magurudumu. Tumia pima maji kweli, kwa sababu friji za gesi za mfumo wa zamani hazipoi vizuri zikiinama, na huharibika. Miguu ya pembeni ni ya kutuliza tu, haikuundwa kunyanyua karavani.

Wengi huona haya kueleza choo. Uliza hivyo hivyo. Kama kina tangi kubwa lililojengewa chini, koki yake ibaki imefungwa mpaka lijae kama theluthi mbili. Ukiiacha wazi, majimaji hutoka na kinyesi hubaki kikigandana chini kama kichuguu. Wakati wa kumwaga, tangulia na choo, ufuatishe maji ya sinki ili yasuuze mpira wa kumwagia.

Bima niliiuliza kabla ya kulipa chochote, na hapo mwenyewe alifanya vizuri: alinionyesha karatasi inayoruhusu kukodisha. Bima ya matumizi binafsi mara nyingi haifanyi kazi pale karavani inapokodishwa kwa pesa, na ile ya gari lako inaweza kulipia madhara ya wengine tu, karavani yenyewe isiguswe. Mkataba useme pia nani analipa tairi ikipasuka na siku ngapi amana itarudi. Wangu ulikuwa kimya juu ya tairi, tukaongeza mstari kwa kalamu, wote wawili tukasaini pembeni.